Ua Lenye Nyumba Mbili

Mimi ni fundi cherehani, na fundi aliyefundishwa vizuri hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Mkono huenda kwenye makasi wenyewe. Siku moja nilikata uzi kwenye koti la mtu nisiyemjua, tumepanga foleni benki hapa Kamembe, akageuka akinitazama kama mwizi. Nikamwonyesha uzi. Hakucheka, na mimi sikuomba radhi, kwa sababu koti lilikuwa limekaa vizuri zaidi kuliko alivyokuja nalo. Tabia hiyo imenilisha maisha yangu yote. Ndiyo pia iliyonifanya nimpoteze mtu, na nitaeleza ilivyokuwa.

Mambo ya maua sikuyaanza mimi. Mke wangu alikuwa na violeti moja ndani ya kopo la nyanya, kwenye dirisha la chumba cha kushonea. Nililichukia kopo lile. Lilinizibia mwanga, na kila nilipotandika kitambaa lilinidondoshea maji. Nilimwambia mara nyingi alitoe, akawa anasema ndiyo, halafu halitoki. Alipofariki, watu walijaa nyumbani hadi arobaini, wakasoma, wakala, wakanipa pole, kisha wakarudi kwao. Watoto wetu wawili walikuwa wameshaondoka zamani, mmoja Kigali, mwingine Ulaya. Asubuhi ya kwanza ya ukimya nikasema sasa kopo lile nalitupa. Nikakuta limechanua, maua saba ya zambarau, na majani yake yenye manyoya yamegeukia kwenye mwanga, yamenipa kisogo. Nikaona aibu kulitupa mbele ya maua yake. Nikalimwagilia maji, na tangu siku ile sikuacha.

Violeti ni mmea mwepesi wa kuzidisha. Unakata jani moja na kikonyo chake, unalichomeka kwenye udongo laini, unasahau. Baada ya miezi kadhaa jani linazaa vitoto chini yake. Kwa mwaka mmoja dirisha langu lilijaa makopo. Nikajifunza kuchanganya udongo: mweusi wa chini ya migomba, makapi ya kahawa yaliyooza, na vumbi la mkaa ili mizizi isioze. Nilikuwa na nyeupe, nilikuwa na ya waridi, nilikuwa na moja yenye ukingo uliokunjamana kama marinda. Ile ya marinda niliipenda mno, nadhani unaelewa kwa nini.

Jirani yangu ni fundi viatu. Tunagawana baraza, yeye upande wa kushoto na gundi zake, mimi kulia na cherehani. Huyu bwana hajawahi kunyamaza tangu nimjue. "Fundi," alikuwa akiniambia, "benzako banafuga mbuzi, weye unafuga majani. Idi ikifika utachinja nini?"

Basi, alikuja mama mmoja kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpaka. Alikuwa anavuka karibu kila siku na vitenge vyake kuja kuuza Kamembe, na wateja wake walipouliza nani atawashonea, mtu akamwelekeza kwangu. Alikuwa mjane, Mkristo, mzito kidogo wa mwili, na sauti yake ilikuwa inatangulia kufika kabla yake. Siku ya kwanza hakunisalimia hata. Aliweka mzigo chini, akatazama dirisha.

"Papa fundi! Ule muntu mwenye anakaa na hii mauwa ni nani?"

"Ni mimi."

"Weye? Mwanaume?"

Nikamwambia kama hataki kushonewa na mwanaume mwenye maua, mafundi wako wengi sokoni. Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Kumbe yeye kwake Bukavu alikuwa na balkoni nzima ya maua. Shangazi yake alikuwa akifua nguo kwa masista zamani, na kila alipofua alirudi na pingili moja iliyofungwa kwenye leso. Pingili ni kile kipande cha mmea unachokikata ili kiote upya, kama tunavyofanya na muhogo. Balkoni ile yote ilitokana na leso ya shangazi.

Tukaanza kubadilishana. Mimi nilimpa violeti ya marinda, yeye akaniletea begonia yenye majani ya madoadoa. Akaniletea kaktasi ambayo alisema inachanua Noeli, tena Noeli kamili, inajua. Kwangu ilichanua Ramadhani. Nikamwambia imesilimu. Akasema imechanganyikiwa tu, kwa sababu nyumba yangu haina muntu wa kuiambia tarehe.

Na yeye ndiye aliyeweka sheria. "Ua moja, nyumba mbili," alisema. Kila mmea tunaopeana lazima ukae pande zote mbili za mto. "Ikikufa kwangu, utanirudishia. Ikikufa kwako, nitakurudishia. Haiko zawadi, Papa, ni amana. Unasikia?" Nilisikia. Neno amana kwetu si neno la mchezo. Nikaanza kumfungia pingili zake kwenye vipande vya flaneli vilivyobaki kwenye kazi, nimevilowesha kidogo, na yeye alivitia katikati ya vitenge akashuka navyo kwa moto, ndivyo tunavyoita pikipiki za abiria, hadi darajani. Mifuko ya plastiki huku kwetu haikubaliwi, kwa hiyo flaneli yangu ilipata heshima.

Watu walisema, kama kawaida yao. Fundi viatu alisema zaidi ya watu. Lakini mama yule hakuwahi kuingia ndani ya nyumba yangu hata mara moja. Alikaa kwenye benchi la barazani, mimi kwenye cherehani, dirisha katikati yetu. Jioni akishaondoka nilikuwa natazama ng'ambo ya ziwa mto wetu unakotokea, ule mlima wao uliojaa nyumba, nikitafuta balkoni yake. Haionekani kutoka hapa. Nilijua haionekani, na bado nilikuwa natazama. Kama kuna jina la jambo hilo, mimi sikulitaja, na yeye hakulitaja.

Siku moja aliniletea lile ambalo alikuwa amelificha muda wote. Aliliita porselene. Ni mmea wa kutambaa, majani yake mazito kama ya plastiki, na maua yake hutoka kwa fungu, nyota ndogondogo kumi na tano au ishirini zimekusanyika mfano wa nusu mpira. Kila nyota ni ya waridi iliyopauka, ina mahameli, na katikati ina nyota nyingine ndogo nyekundu inayong'aa. Ukiligusa unaweza kuapa kwamba limeshonwa. Linatoa na tone la asali, tone la kweli, unaliona linaning'inia.

"Hii haina mwingine Bukavu yote," alisema. "Labda kwa masista, na sista wa mwisho mwenye alikuwa anaijua alishakufa. Sasa iko kwangu na kwako. Usilale, Papa."

Sikulala. Nilitundika mmea ule dirishani, nikauongoza kwa uzi mwekundu kando ya fremu. Ulikaa miaka miwili ukirefuka bila kunipa kitu. Mwaka wa tatu ukachanua mafungu manne kwa pamoja. Yule mama alikuja akasimama dirishani, akachukua tone la asali kwa ncha ya kidole, akalilamba, akafumba macho. Akaniambia na mimi nilambe. Fundi viatu alikuwa anatuangalia, lakini nililamba.

Kisha maua yakakauka, yakadondoka. Vikabaki vikonyo vinne vilivyosinyaa, vinaning'inia kwenye mmea wangu mzuri kama nyuzi ambazo fundi mzembe amesahau kuzikata. Unajua nilichofanya. Sikufikiri hata dakika moja. Nilivikata vyote vinne karibu kabisa na shina, nikafagia, nikaridhika. Mmea ulionekana nadhifu.

Muda si mrefu baadaye ukaja ule ugonjwa uliofunga dunia, na mpaka wetu nao ukafungwa. Mto ule unaweza kurusha jiwe likafika upande wa pili, lakini mtu asivuke. Sisi watu wa Kamembe tumezoea kwenda Bukavu kama unavyokwenda chumba cha pili. Ghafla chumba cha pili kikawa ng'ambo kweli. Vitenge havikuja, wateja hawakuja, nilikuwa nashona barakoa tu, mamia ya barakoa, na uso wa mtu sikuuona kwa miezi.

Alikuwa ananipigia simu Jumapili, akimaliza sala zake. Wiki yangu yote ilikuwa inaielekea simu ile. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Imetoa mauwa?"

"Bado," nilijibu. Na ilikuwa kweli. Msimu ulikuja ukapita, mmea ukabaki majani. Siku moja nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayeuliza kwa ajili ya rafiki yake, vile vikonyo vikavu vinavyobaki unavifanyaje.

"Ile ya kukauka? Hapana gusa, Papa!" alipiga kelele hadi nikasogeza simu. "Mule njo mauwa inarudiaka! Kila mwaka pale pale. Muntu akikata, amekata mauwa ya miaka yote. Mbona unauliza?"

"Nimeuliza tu."

Njo kwao ni ndiyo; maua hurudi mulemule nilimokata. Nilikaa chini. Ningekuwa mtu wa maana ningemwambia hapohapo: mama, nimekata. Angenipigia kelele, angenitukana kwa Kimashi, lugha ya kwao, tungecheka. Lakini mimi ni fundi, na fundi hapendi kusema amekosea kukata. Kitambaa kikiharibika, mteja haambiwi, kinatafutiwa njia. 

Baada ya wiki chache alinipigia siku ambayo si Jumapili. Dada yake alikuwa amefariki. Na katikati ya kilio kile akaniambia jambo la pili, kwa sauti ndogo, kama anaona haya kulitaja pamoja na msiba. Alipokuwa kijijini kwenye mazishi, nyumbani kwake maji yalikatika siku nyingi, kisha mtoto wake akapaka balkoni chokaa na kuhamishia maua juani. Porselene ilikuwa imekufa.

"Sasa ile ya kwako njo yangu," alisema. "Imetoa mauwa, Papa?"

Nikasema, "Imetoa."

Sikuwa nimepanga. Alikuwa analia, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Akavuta pumzi. "Mafungu ngapi?"

"Matatu."

"Mungu asifiwe," akasema, na nikasikia kwamba kilio kimepungua.

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa. Kila Jumapili aliuliza na kila Jumapili nilimjibu. Maua mengine nililazimika kuyadondosha kwa maneno, mengine nikayachanuza. Nilimweleza tone la asali lilivyoangukia kwenye kola ya shati la mteja. Nakiri kwamba nilianza kuona raha. Nilikuwa nikishona huku natunga nitakachomwambia Jumapili, na nyumba ilikuwa haina ukimya sana siku hizo. Juu yangu mmea wenyewe ulikuwa umeninyamazia na majani yake.

Kisha mpaka ukafunguliwa. Haukufunguliwa siku moja, ulifunguliwa kidogokidogo, makaratasi haya na yale, na kwa kuwa yeye alikuwa na mambo mengi nyumbani hakuvuka mapema. Halafu akapiga simu siku ya Jumatatu: "Alhamisi ninakuya, Papa. Niko na neno ya kukuambia, na ninataka kuona mauwa yangu."

Nilikuwa na siku mbili.

Mtu mwingine angesema maua yamedondoka jana. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema hivyo, ilikuwa rahisi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeahidi, kwa mdomo wangu, Jumapili iliyotangulia, kwamba fungu moja limefunguka upya na litakaa wiki mbili. Na pia nilikuwa na kitambaa. Hilo ndilo kosa la watu wa kazi yangu: tukiwa na kitambaa tunadhani hakuna lisilowezekana. Nilikuwa na kipande cha mahameli cha waridi iliyopauka, mabaki ya gauni la bibi harusi mmoja wa Gashonga, rangi ileile kabisa. Nilikata nyota kumi na saba kwa makasi madogo ya kukatia matundu ya vifungo. Nilizitia wanga wa muhogo zikakakamaa. Katikati ya kila moja nikashonea kinyota cha satini nyekundu, na juu yake nukta ya rangi ya kucha ili ing'ae. Nikazikusanya kwa nyuzi hadi zikawa nusu mpira. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo juu ya hilo pia. Fundi viatu aliliona likikauka juu ya meza akapiga mluzi.

Nikatafuta pa kulifunga. Kwenye tawi jipya kulikuwa na kijiti kifupi cha kijani, kisicho na jani, kama ncha iliyokatika. Kilikuwa kigumu na kimetazama chini vizuri. Nikalifunga hapo kwa uzi wa kijani, mafundo matatu.

Alhamisi akaja. Nilimsikia kabla sijamwona, lakini sauti ilikuwa imepungua, na yeye mwenyewe alikuwa amekonda. Alivaa gauni nililomshonea zamani, limemlegea mabegani. Nilitaka kumwambia avue nilipunguze, nikakumbuka huwezi kumwambia mtu hivyo barazani. Nilimweka kwenye mwisho wa benchi, mbali na dirisha, nikamletea chai. Nikaanza kusema. Mimi si msemaji, lakini siku ile nilisema. Nilisema bei ya nyuzi, nilisema mvua, nilisema mashine mpya za watu wa sokoni. Kila alipofungua mdomo, "Papa, niko na neno ya kukuambia," nilimwongezea sukari, au nikakumbuka habari nyingine. Nilikuwa naogopa kwamba neno lenyewe ni lile: kwamba anataka pingili yake, amana yake, na akinyanyuka kuikata atafika kwenye ua. Alijaribu mara tatu. Nimehesabu baadaye, kwa sababu nimekuwa na muda wa kuhesabu. Mara tatu.

Mwisho aliweka kikombe chini akanyanyuka tu, akaenda dirishani. Mimi nilibaki na birika mkononi.

Akatazama sana. Kisha akainua kidole chake, kama ile mara ya kwanza, akakipeleka chini ya nyota moja kuchukua tone. Kidole kikagusa mahameli. Kikabaki hapo. Hata fundi viatu aliacha kugonga.

Nilingoja kelele. Nilizitaka, kusema kweli. Angepiga kelele ningemwambia yote.

"Imetoa muzuri, Papa," alisema, bila kugeuka. Kisha: "Nipatie hii."

 Nikafanya ninachojua, nikamnyooshea makasi.

"Acha makasi," alisema. Akaanza kufungua mafundo kwa kucha zake, moja moja, taratibu, akiwa ameukaribia uzi kwa macho kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri tena. Mimi nilifunga mafundo yale ili yasifunguke, kwa hiyo alichukua muda mrefu. Lilipotoka, alishika kile kijiti cha kijani kwa vidole viwili, kwa upole, kama unavyomshika mtoto kidevu.

"Hapa usipaguse," alisema. "Unasikia, Papa? Hapa usikate kintu."

Akatia ua langu la kitambaa kwenye mkoba wake. Hakuomba pingili. Nilimsindikiza hadi kwenye moto, akapanda, akashika mkoba kifuani kwa mkono mmoja, wakashuka kuelekea darajani.

Jumapili ile simu haikulia. Na mimi sikupiga. Wiki ya kwanza nilinyamaza kwa aibu. Wiki ya pili niligeuza aibu ikawa hasira, ndivyo nilivyo. Nikasema kama amekasirika kwa ajili ya majani, na akasirike. Nikasema nilimdanganya kwa wema, na yeye kanidhihaki kwa kulichukua ua. Nikasema mengi nikiwa peke yangu na cherehani, na hakuna aliyenijibu. Niliyasema hadi yakaisha. Baada ya hapo nilibaki natamani mtu aniulize tu kama imetoa maua.

Lakini kile kijiti sikukigusa. Nilikifungia kitambaa cheupe kando, mkono usije ukajisahau.

Miezi ikapita. Siku moja asubuhi nilipofungua dirisha nikaona kijiti kimevimba nchani, vipunje vidogo vya waridi vimejipanga kama vichwa vya pini kwenye mto wake.  Vikakua, vikawa vifungo, kisha siku moja adhuhuri, nimetoka kuswali, nyota zilikuwa zimefunguka. Pale pale nilipofunga uongo wangu. Alikuwa ameliona siku ile, kwa macho yake mabovu, ua lililo hai chini ya lile la kitambaa, na ndiyo maana alikataa makasi.

Sikushona siku iliyofuata. Nilikata pingili ya majani mawili kutoka tawi jingine, nikaifunga kwenye flaneli yenye unyevu, nikavaa kanzu safi, nikavuka. Njia nzima nilikuwa najifunza sentensi moja: Mama, nilikata, nikakudanganya, sasa imetoa, kweli. Nilikuwa sijawahi kufika kwake. Niliulizauliza hadi nikaonyeshwa nyumba ya balkoni iliyopakwa chokaa. Juu ya balkoni palikuwa na gunia la mkaa na nguo za mtoto.

Alitoka mke wa mwanawe, ana mtoto mgongoni. Nikajitaja kuwa ni fundi wa Kamembe.

"Eeh! Papa wa mauwa," alisema. "Karibu. Lakini Maman haiko. Alishaenda Kinshasa kwa mtoto wake wa mwisho, banamutunza kule. Macho njo ilikuwa inamusumbua."

"Lini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si ile Alhamisi alikuya kwako? Kesho yake njo alipanda ndege. Alikuya kukuaga, Papa. Hakukuambia?"

Nilisema aliniambia. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwa nyumba ile, na ulitoka kirahisi kama mingine.

Nikamuuliza, nikijifanya nauliza kwa kupita, kama alibeba maua yake. Akasema aliyagawa yote kwa majirani, kwa sababu yangekufa njiani. "Alibeba tu ile yako ya kitambaa. Alisema ile njo itafika."

Nilimpa pingili. Nilimweleza udongo, kivuli, maji mara moja kwa wiki, na kwamba vikonyo vikikauka visikatwe. Alisema ndiyo, ndiyo, huku mtoto anamvuta nywele. Akaiweka juu ya gunia la mkaa. Ni nyumba ya pili, sheria inasema hivyo, lakini nilipogeuka mara ya mwisho flaneli ilikuwa bado haijafunguliwa.

Aliniandikia pia namba ya Kinshasa. Nimeinakili kwenye daftari langu la vipimo, kwenye ukurasa wake, chini ya mabega na kiuno chake cha zamani. Kila Jumapili ninaifungua. Ile sentensi ndefu niliyojifunza njiani hainitoki. Nikishika simu ninalobaki nalo ni neno moja tu, imetoa. Hilo nimeshamwambia Jumapili nyingi, mafungu matatu, mafungu mawili, na lilikuwa uongo kila mara. Sina neno jingine jipya la kumfanya ajue kwamba safari hii ni kweli, na kidole chake hakifiki hapa.

Juzi fundi viatu alikuja kuazima sindano. Akasimama dirishani, akainamisha kichwa, akaona tone limening'inia.

"Umeshona tena, fundi?" aliniuliza. "Safari hii umeweza, mbaka umetia machozi."

Nilimtazama. Nilitaka kumwambia alilambe.

"Ndiyo," nikasema. "Nimeshona."

Akachukua sindano yake akarudi kwenye viatu.